Monument Valley 2: Gemu Lisilotaka Kutuachia Mkono



Katika somo la leo tuongelee gemu la simu. Najua wapo watakaouliza, frateri na magemu wapi na wapi? Lakini mnaocheza mnajua kuna gemu moja moja ambalo ukilimaliza linakaa kichwani siku kadhaa, hata ukiwa kwenye foleni ya chakula. Kwangu Monument Valley ni mojawapo. Lilitengenezwa na studio ya ustwo games ya London, likatoka mwaka 2014, na mwaka 2015 likapata tuzo mbili za BAFTA. Mwendelezo wake, Monument Valley 2, ulitoka Juni 2017. Huo mwendelezo uliniacha na njaa, na leo nataka tuichunguze njaa hiyo.

Kwanza tulielewe lile la mwanzo. Binti mfalme mdogo, Ida, amevaa nguo nyeupe na kofia iliyochongoka, anatembea kimya kwenye majengo ambayo hayawezi kujengwa duniani. Wewe unazungusha nguzo au kuvuta ukuta kwa kidole. Kanuni ni moja tu: kinachoonekana kimeungana, kimeungana kweli. Njia mbili zilizo mbalimbali, ukizigeuza mpaka zikagusana machoni pako, Ida anapita juu yake bila wasiwasi. Mchoraji Mholanzi M. C. Escher aliichezea akili yetu hivyo hivyo katika picha yake ya mwaka 1961, ambamo maji yanateremka, yanateremka, halafu unakuta yamerudi juu yalikoanzia. Hakuna saa inayokukimbiza, hakuna pointi, hakuna kufa. Wapo kunguru, lakini kazi yao ni kukuzibia njia na kukupigia kelele.

Utulivu ule ndio unaokuvuta, na ndani yake kuna jambo zito linalojificha. Unaanza ukidhani Ida ni shujaa anayekwenda kutafuta kitu. Taratibu unagundua kwamba Ida ni mwizi. Kila anapofika mwisho wa safari fulani, anatoa umbo kwenye kofia yake na kuliweka mahali pake: anarudisha kilichoibwa, akitafuta msamaha. Yaani muda wote ule ulikuwa ukimsaidia mtu aliyetubu kufanya malipizi, na hukujua. Ningekuwa na darasa la katekesi ningelitumia gemu hili siku tunayofundisha kwamba aliyeiba, hata baada ya kuungama, bado ana deni la kurudisha mali ya watu.

Sasa tuje kwenye mwendelezo. Safari hii mhusika ni mama anayeitwa Ro, pamoja na mtoto wake. Mwanzoni mtoto anamfuata mama hatua kwa hatua. Baadaye wanaachana, mtoto anakwenda peke yake kwenye njia zake, na mwishoni wanakutana tena mtoto akiwa amekua. Kwa rangi na muziki sina neno. Ni gemu zuri kulitazama, pengine kuliko la kwanza. Na wengi walilisifu, hilo lazima niseme. Tatizo langu liko kwenye mafumbo. Mengi hayahitaji ufikiri. Unasogeza kitu kimoja kinachosogea, njia inafunguka, mtoto anapita, imekwisha. Nililianza na kulimaliza jioni moja bila kukwama pahali pa maana.

Mtu anaweza kunijibu: hata lile la kwanza halikuwa gumu sana. Ni kweli. Ila pale jicho lilikuwa linajifunza kuona upya, na kujifunza kuona ni kazi. Aristotle alifundisha kwamba falsafa ilianzia kwenye mshangao: mtu anaona jambo, halielewi, anatafuta sababu. Akishaijua sababu, mshangao ule unaisha. Hivyo gemu la pili lisingeweza kunishangaza kwa kanuni ile ile. Nilishaijua. Ama lingeleta kanuni mpya, ama lingeichimba ile ya zamani mpaka itoe jasho. Watengenezaji walichagua kunilainishia njia. Naelewa kwa nini: njia laini inaingiza watu wengi, hata wasiowahi kucheza gemu lolote, na hilo si jambo baya.

Lakini angalieni kinachotokea hapo. Hadithi inasimulia mama anayemwachia mtoto mkono ili atembee mwenyewe. Gemu lenyewe halimwachii mchezaji mkono hata mara moja! Mtoto wa Ro anakua. Mimi ninayemwongoza nabaki nimebebwa mgongoni kuanzia sura ya kwanza hadi ya 14.

Mtakatifu Yohane wa Msalaba, Mkarmeli wa Hispania wa karne ya 16, anatumia mfano huu huu wa mama mwanzoni mwa kitabu chake kuhusu usiku wa giza. Mungu, anasema, humlea anayeanza safari ya sala kama mama anavyomlea mchanga: anambeba, anamnyonyesha, anampa utamu. Mtoto akikua, mama anapaka shubiri kwenye titi na kumshusha chini atembee kwa miguu yake. Mama zetu hawahitaji kusoma kitabu hicho. Wengi wameachisha kunyonya kwa mwarobaini. Mtoto analia, na akiulizwa siku hiyo atasema mama amebadilika, hanipendi tena.

Nimewasikia vijana wengi wakilia kilio hicho kwa maneno mengine. Mafungo ya kwanza yalikuwa moto, machozi kwenye kuabudu Ekaristi, ulirudi nyumbani unataka kuwa mtakatifu kufikia Jumatatu. Mwaka uliofuata ukaenda tena, nyimbo zile zile, mhubiri yule yule, na ndani kukavu kabisa. Ukahitimisha kwamba imani imepoa, au mafungo ya mwaka huu yaliandaliwa vibaya. Wengine huanza kuzunguka, kambi hii, mkesha ule, wakitafuta mahali ambapo watabebwa tena. Sisemi kila ukavu unatoka kwa Mungu. Mwingine ni uvivu wetu na simu usiku wa manane. Ila kabla hujaondoka, jiulize kama hujashushwa chini tu.

Mkiwa na nafasi kwenye kikundi chenu, chezeni magemu yote mawili, la kwanza kwanza. Mkifika pale ambapo mtoto wa Ro anatembea peke yake, mmoja ashike simu na wengine wakae kimya wasimwelekeze. Kisha aulizwe: ulifikiri, au uligusa tu kilichokuwa kinasogea? Na swali la pili, kwa wote: ni sala gani umeiacha tangu ilipoacha kuwa tamu?