Homa Imeisha, Mbona Uchovu Umebaki?

Katika sehemu za baridi za Kaunti ya Nakuru, kama Molo, Kuresoi na Mau Narok, homa ya mafua ni ugonjwa wa kawaida. Makamasi na koo kuuma huisha, lakini mgonjwa hubaki bila nguvu, na jirani humwona mvivu. Huo si uvivu.

Chanzo cha uchovu

Virusi vinapoingia kooni na kwenye mapafu, kinga ya mwili hutoa kemikali za kupambana navyo. Kemikali hizo huchangia maumivu ya viungo na uchovu, na huenda zikachukua muda kutulia. Kulala kitandani siku nyingi bila kula vizuri nako hudhoofisha misuli.

Kwa wengi, nguvu hurudi baada ya wiki chache. Baada ya Covid-19, baadhi ya watu huchoka kwa miezi. Oktoba 2021, Shirika la Afya Duniani lilieleza rasmi hali hiyo: kwa kawaida dalili huwapo miezi 3 tangu mtu augue, hudumu angalau miezi 2, na hazina sababu nyingine.

Kurudi kazini

Mkulima huamka akihisi nafuu, akachimba viazi kutwa, kisha akalala siku mbili. Ni heri achimbe kwa nusu saa, apumzike kabla hajachoka, na aongeze kazi kidogo kidogo. Akizidiwa kesho yake, apunguze. Chakula cha kutosha, maji na usingizi humsaidia. Antibiotiki haziui virusi, wala haziondoi uchovu huu.

Wakati wa kwenda kituo cha afya

Uchovu unaweza pia kuwa dalili ya kifua kikuu, upungufu wa damu au kisukari. Anayekohoa kwa wiki 2 au zaidi, anayetoka jasho usiku, anayekonda au anayekohoa damu apimwe kifua kikuu, yaani TB. Kipimo na dawa zake havilipiwi katika vituo vya umma. Uchovu ukizidi wiki 4 au ukiongezeka, mgonjwa amwone mhudumu wa afya hata kama hakohoi.

Anayeshindwa kupumua, anayeumwa kifua au anayezimia apelekwe hospitali mara moja. Kwa wengine wote, dawa kubwa ni subira, na jamaa wa kuwapunguzia kazi.