Dondoo muhimu: Andika mahitaji kabla ya kuwasha solda

Mteja wa Sombetini akikuomba saketi ya mashine ya kutotolesha vifaranga, chukua daftari kwanza. Mayai ya kuku, nyuzi 37.5 za Selsiasi, siku 21. “Joto lisizidi sana” si kipimo. Andika nusu nyuzi juu au chini.

Kisha umeme, na hapa usiwe na haraka. Ukutani ni volti 230. Je, ukikatika usiku wa Julai, baridi ya Meru ikishuka? Hita ya wati 60 kwenye betri ya volti 12 hula ampea 5, kwa hiyo betri ya ampea-saa 7 haifikishi hata saa moja na nusu. Mwoneshe mteja hesabu hiyo kabla hajanunua chochote.

Andikeni pia mtakavyoijaribu kazi ikiisha, msaini wote wawili.