UMEOKOTA NINI? SOMO LA KUTAMBUA KITU CHA KALE

Likizo ya Agosti mjomba wangu alikuwa akichimba shimo la choo nyumbani kwetu. Jembe likagonga kitu. Kukitoa, ni kipande chembamba cha mviringo, cha rangi ya kijani. Wote tukasema, "Hii ni sarafu ya kale, tumeomoka!" Binamu yangu hakungoja. Alichukua majivu na limau, akasugua mpaka kikang'aa kama kijiko kipya. Kikang'aa kweli, lakini mikwaruzo midogo iliyoonekana kama maandishi ikapotea. Shuleni nilimwonyesha mwalimu wa Historia. Alikigeuzageuza, akatikisa kichwa, akasema, "Mmekiosha jina lake." Hadi leo hatujui ni nini.

Ndiyo maana naandika somo hili. Ukiokota kitu usichokijua, usikisugue. Kiulize maswali haya manne.

1. KIMETENGENEZWA KWA NINI, NA KINA UMBO GANI?
Kutu ya rangi ya kijani huashiria shaba. Kutu nyekundu huashiria chuma. Dhahabu haishiki kutu. Umbo nalo husema. Mwaka 2013 watafiti walipata kisiwani Manda, karibu na Lamu, sarafu yenye tundu la mraba katikati. Tundu kama hilo ni desturi ya sarafu za kale za Uchina, na maandishi yake yalionyesha jina la enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala kuanzia 1402 hadi 1424.

2. KIMEANDIKWA NINI?
Hapa wanachama wa Chama cha Kiswahili tutege masikio. Masultani wa Kilwa, katika Tanzania ya leo, walitengeneza sarafu zao za shaba. Upande mmoja waliandika jina la sultani kwa Kiarabu, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu. Tena pande hizo mbili zina vina! Yaani sarafu ilikuwa kama mishororo miwili ya shairi mfukoni. Lakini hazikuandikwa mwaka. Kwa hiyo jina la sultani ndilo linalosaidia kukisia umri wake. Jina likifutika, msaada huo umekwenda, kama ilivyotupata sisi.

3. KILIKUWA NA NINI?
Wahenga walisema, ndege wafananao huruka pamoja. Lakini mara nyingine wasiofanana huwa pamoja, na hapo ndipo kazi ilipo. Sikilizeni kisa hiki. Mwaka 1944, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, askari Mwaustralia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa mchangani katika Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Alizihifadhi miaka mingi, na mwaka 1979 akazipeleka zikatambuliwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India. Tano, jamani, zilikuwa za Kilwa!

Ati Waswahili walifika Australia? Ngoja kwanza. Sarafu za Uholanzi zina miaka, na ya karibuni zaidi ni ya miaka ya 1780. Kama zote tisa ziliangushwa na mtu mmoja siku moja, basi hakuziangusha kabla ya hapo, hata kama zile za Kilwa zilikuwa kuukuu. Kama ziliangushwa mbalimbali, hadithi ni nyingine kabisa. Hakuna aliyechunguza mchanga ule kabla ya sarafu kutolewa, kwa hiyo mjadala haujaisha.

4. KILIKUWA WAPI HASA?
Isenberg alifanya jambo moja la busara: alitia alama ya X kwenye ramani. Kwa sababu ya alama hiyo, mwaka 2013 watafiti waliweza kurudi kisiwani kutafuta zaidi. Mwaka 2018 sarafu nyingine iliyolika iliokotwa katika visiwa hivyohivyo. Maandishi yake hayasomeki vizuri, ila ukubwa na uzito wake vinafanana na vya sarafu za Kilwa. Vinafanana tu, na kufanana si kuthibitika.

SHERIA INASEMAJE?
Siku hizi kuna mashine za kutafutia metali ardhini, na wengine huota utajiri. Lakini Sheria ya Makavazi na Turathi ya Kenya ya mwaka 2006 hairuhusu kutafuta mali ya kale bila leseni. Ukiokota kwa bahati, unatakiwa kuarifu Makavazi ya Kitaifa katika muda wa siku saba, na kueleza mahali na jinsi ulivyokipata. Kwa sheria hiyo, kifaa kilichotengenezwa nchini au kuletwa kabla ya 1895 ni mali ya kale.

Basi, wenzangu, mkiokota kitu, kifungeni kwa karatasi kikiwa na udongo wake, andikeni tarehe, mahali na kina cha shimo, chukueni picha, kisha mwambieni mwalimu. Majivu na limau ziacheni jikoni.

ZOEZI
(a) Taja mambo mawili ambayo Isenberg aliyafanya vizuri, na moja ambalo halikuwezekana tena baada ya sarafu kutolewa.
(b) Umeokota senti 10 ya Afrika Mashariki ya enzi ya ukoloni, yenye tundu la duara katikati. Mwaka umefutika, lakini jina la mfalme Edward wa Nane linasomeka. Iliandikwa mwaka gani? Fungua kitabu cha Historia uone alitawala kwa muda gani.

Atakayepata jibu la (b) ataelewa kwa nini binamu yangu sasa haruhusiwi kugusa chochote kinachotoka shimoni.