Mkataba Uliotiwa Sahihi Utekelezwe

Juni 2013 chama cha madaktari nchini Kenya, KMPDU, kilitia sahihi na serikali mkataba wa makubaliano ya pamoja (CBA) kuhusu mishahara na mazingira ya kazi. Mkataba huo haukusajiliwa mahakamani wala kutekelezwa. Tarehe 5 Desemba 2016 madaktari wa hospitali za umma waliweka chini vifaa vya kazi, na mgomo ukadumu siku 100. Februari 2017 viongozi wa chama walitupwa jela kwa kukaidi amri ya mahakama, ingawa waliachiliwa siku chache baadaye. Walioumia zaidi ni wagonjwa wasiomudu hospitali za kibinafsi. Wengi huamini kwamba haki ya watumishi wa umma kujadiliana kwa pamoja ndiyo inayozaa migomo. Kisa hiki kinaonyesha kinyume chake: mazungumzo yalikuwa yamekwisha na sahihi zimetiwa; kilichokosekana ni utekelezaji.

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinakipa kila chama cha wafanyakazi na kila mwajiri haki ya kujadiliana, na serikali nayo ni mwajiri. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka mkataba uwasilishwe mahakamani ndani ya siku 14. Ukishasajiliwa, masharti yake huingia katika ajira ya kila mfanyakazi anayehusika, na yeyote anayeyavunja anaweza kushtakiwa.

Pingamizi zito ni la fedha: anayelipa ni mlipa kodi, wala si afisa anayeketi mezani. Ni kweli, na ndiyo sababu Katiba imeipa Tume ya Mishahara na Marupurupu, SRC, kazi ya kuishauri serikali. Novemba 2015 Mahakama ya Rufaa ilifuta nyongeza ya asilimia 50 hadi 60 waliyokuwa wametunukiwa walimu, nafasi ya SRC ikiwa miongoni mwa hoja zilizoamua kesi. Oktoba 2016 vyama vya walimu na mwajiri wao, TSC, vilitia sahihi mkataba mpya. Basi swali la bajeti lina mahali pake, nalo ni kabla ya sahihi. Likizushwa baadaye, ahadi haina maana tena. Mwaka 2024 serikali ilitaka kuwalipa madaktari wanagenzi Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 za mkataba mwingine wa madaktari, wa 2017. Hilo lilichangia mgomo mwingine wa siku 56.

Wengine husema huduma muhimu hazifai kusimama. Sheria ya Mahusiano ya Kazi inakubali, na huelekeza migogoro ya huduma hizo mahakamani. Lakini mtu aliyebanwa asigome amebakiwa na mkataba tu. Ukipuuzwa, hana kinga nyingine.

Mtumishi wa umma, muulize katibu wa tawi lako kama mkataba wenu umesajiliwa. Mwajiri asipouwasilisha kwa wakati, sheria inakiruhusu chama kuuwasilisha chenyewe.