USIHAMISHE ALAMA YA MPAKA
Somo: Kumbukumbu la Torati 19:14, Mwanzo 13:5-12



Ugomvi wa mpaka huanza na kitu kidogo: mti wa uzio uliopandwa hatua moja mbele, mfereji uliosogezwa. Kisha watoto wanakatazwa kucheza pamoja, na siku ya msiba jirani haji.

Israeli walikatazwa kuhamisha alama waliyoweka wazee, maana mpaka ni wa watu wawili. Kwa hiyo, hata kama haki ni yako, using'oe wala usipande alama peke yako.

Tufanye hivi:

1. Mwendee jirani mchana, bila panga mkononi, mzungumze ninyi wawili.

2. Mkishindwa, mwiteni shefu wa kijiji pamoja na wazee waliokuwapo shamba lilipogawanywa. Tembeeni mpaka wote kwa miguu.

3. Mkipatana, simikeni alama pamoja mbele ya mashahidi. Andikeni mapatano, kila mmoja abaki na karatasi yake.

4. Mjini, iteni wapimaji wa kadastre wapime parsele, ninyi wote wawili mkiwapo.

Tena tukumbuke: kwa sheria ya 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, sisi tumepewa haki ya kuutumia. Abramu alikuwa mkubwa, lakini alimwachia Loti achague kwanza, wala hakupungukiwa.

Swali la kujibu nyumbani: Ukipiga yowe usiku, nani atakusikia wa kwanza?