Ukitaka Kuchapa Ndege Kwenye Fulana, Anza na Ndege

Nachapa fulana za ndege hapa Minnesota, na karibu kila Mkenya au Mtanzania anayetaka kuanza kazi hii huniuliza jambo lilelile: ninunue mashine gani? Vifaa utapata, na si ghali kama watu wanavyodhani. Fremu yenye wavu (ndiyo skrini), wino, taa na kitu cha kupasha joto vinatosha kuanzia. Kinachokosekana kwenye fulana nyingi zinazouzwa ni ndege mwenyewe. Utakuta kardinali jike aliyepakwa wekundu wa dume, luni aliyesimama wima ufukoni, ndege mvumaji mwenye koo linalowaka kila upande. Watu wa huku wanawajua ndege wao. Wana vibanda vya mbegu uani na darubini dirishani, na wakiona kosa wanairudisha fulana mahali pake. Nami sipendi kuona mtoto akijifunza ndege kutoka kwenye nguo yenye uongo.

Wa kwanza ninayempendekeza kwa yeyote ni luni, ndege wa jimbo la Minnesota tangu 1961. Wakati wa kiangazi mwili wake ni mweusi na mweupe tu: kichwa cheusi, shingoni vistari vyembamba vyeupe, mgongoni vidirisha vyeupe safu kwa safu. Ukiwa na fulana nyeupe na wino mweusi, kazi iko nusu tayari. Vile vidirisha huvichori, unaviacha, na kitambaa chenyewe kinakuwa rangi ya pili. Ila usimsimamishe. Miguu yake imekaa nyuma kabisa ya mwili. Inamfaa kupiga mbizi, lakini nchi kavu anajikokota kwa shida na hutoka majini hasa kwa ajili ya kiota. Mchore akielea, nusu ya ubavu imezama. Ndege wengi wana mifupa yenye uwazi ndani ili wawe wepesi. Mifupa mingi ya luni imejaa, ndiyo maana anazama bila taabu. Watoto wake hupanda mgongoni mwa mzazi wakiwa bado wadogo sana, na kwa nguo za watoto wachanga sijui mchoro ulio bora kuliko huo. Kanada nao walimweka kwenye sarafu yao ya dola moja mwaka 1987.

Jicho la luni ni jekundu. Usitengeneze skrini ya pili kwa ajili ya nukta moja. Mimi hutumia sindano na uzi mwekundu: mishono michache inayokutana katikati, fundo upande wa ndani, kisha kipande cha kitambaa laini kushonewa juu yake ili fundo lisimkwaruze mvaaji. Aliyezoea kudarizi kofia za viua atalimaliza jicho hilo huku akizungumza na mgeni. Na uzi una faida moja ambayo wino hauna: umeinuka kidogo juu ya kitambaa, kwa hiyo mwanga ukipita jicho linaonekana hai.

Kuhusu skrini yenyewe nitasema kwa ufupi, maana haina miujiza. Paka emulsheni kwenye wavu uiache ikauke gizani. Mchoro wako uprinti kwa wino mweusi tii kwenye karatasi angavu, uulaze juu ya wavu, kisha washa taa. Mwanga huifanya emulsheni kuwa ngumu. Pale mchoro ulipouzuia mwanga inabaki laini, inatoka ukisuuza kwa maji, na hapo ndipo wino utakapopita. Huku Marekani wavu hupimwa kwa idadi ya nyuzi kwa inchi. Namba 110 hupitisha wino mwingi na inafaa umbo nene la luni. Ukitaka unyoya mmoja mmoja uonekane, tafuta 230. Fulana iwe ya pamba tupu. Wino wa plastisoli haukauki kwa hewa, unataka joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi lipenye unene wake wote ndipo ushike. Fulana ya majaribio ifue mara kadhaa kabla hujamuuzia mtu yeyote.

Ukishamweza luni, nenda kwa kardinali. Majimbo saba yamemchagua kuwa ndege wao, Ohio na Virginia zikiwemo, na hakuna ndege mwingine aliyechaguliwa na majimbo mengi hivyo. Huyu hahami. Theluji ikishafunika kila kitu bado yuko palepale akila alizeti, ndiyo maana namchapa kwenye sweta na hudi za baridi. Dume ni rahisi ukitumia kitambaa chekundu: unachapa barakoa nyeusi inayozunguka mdomo, vivuli vichache vya ushungi na ukingo wa bawa, na mdomo kwa rangi ya chungwa. Wekundu ni wa kitambaa. Wa ndege mwenyewe unatokana na chakula, kwenye matunda na vitu vingine vyenye karotenoidi, na mwaka wa chakula kibaya manyoya mapya huweza kuota yakiwa yamefifia.

Jike hupuuzwa, na mimi nampenda kuliko dume. Ni wa hudhurungi hafifu, wekundu umemgusa kwenye ushungi, mbawa na mkia tu, na mdomo ni uleule wa chungwa. Katika ndege wengi wa huku wanaoimba ni madume. Kardinali jike naye anaimba, mara nyingi akiwa ameketi kwenye kiota. Mama mmoja wa Kisii aliyekuja kuchukua sweta ya dume aliishika hii ya jike akaniuliza, "Mwanangu, huyu si ndiye anayekuja kwangu asubuhi na yule mwekundu?" Nikamwambia, "Ndiye, mama, ni mke wake." Akachukua zote mbili, ile nyekundu ampelekee mzee nyumbani. Tangu hapo sichapi dume bila kuweka na jike kando yake mezani.

Jei wa buluu ataisumbua akili yako kwa sababu ya rangi. Manyoya yake hayana rangi ya buluu ndani yake. Rangi iliyomo ni melanini, ya kahawia na nyeusi. Buluu tunayoiona hutokana na jinsi vijishimo vidogo mno ndani ya unyoya vinavyoutawanya mwanga. Mwanga ukitokea nyuma ya unyoya, buluu inapotea. Kwa hiyo usihangaike kutafuta wino mmoja ulio buluu kamili. Chukua buluu mbili, moja ya kina na moja nyepesi, uweke mistari myeusi ya mbawa na mkia juu yake, na jicho la mtazamaji litafanya yaliyobaki. Huyu ndiye pia anayefukia matunda ya mwaloni ardhini ili ale baadaye. Asiyoyarudia huota, na misitu ya mialoni imesambaa mbali kwa msaada wake. Tunda la mwaloni chini ya miguu yake ni pambo lenye maana, si la kujazia nafasi.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu unyoya wa jei ni mzuri, utauokota njiani, na utatamani kuushonea kwenye kofia. Usifanye hivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 inayolinda ndege wanaohama inakataza kumiliki manyoya, mayai au viota vya karibu ndege wote wa asili wa nchi hii bila kibali, hata kama umeuokota tu chini. Sheria hiyo haikutoka hewani. Mwishoni mwa karne ya 19 mavazi ya ndege yalikuwa ndege wenyewe. Mwaka 1886 mtaalamu wa ndege Frank Chapman alitembea mitaa ya maduka ya New York akihesabu kofia za wanawake: kati ya 700 alizoziona, 542 zilikuwa na manyoya, na aliwatambua ndege wa aina 40 vichwani mwa watu. Baadhi hawakuwa manyoya tu bali ndege mzima aliyekaushwa.

Aliyeumia zaidi ni yangeyange. Manyoya yake marefu laini humea wakati wa kutaga, hivyo wawindaji waliwafuata kwenye makoloni ya viota, wakawaua wazazi na kuacha makinda yafe kwa njaa. Mwaka 1896 wanawake wawili wa Boston, Harriet Hemenway na Minna Hall, walianza kuwaalika wenzao kwenye chai na kuwasihi waache kofia hizo. Kutokana na vikao hivyo kikazaliwa chama cha Audubon cha Massachusetts, ambacho kipo hadi leo. Mwaka 1905 mlinzi wa ndege Guy Bradley aliuawa kwa risasi Florida alipojaribu kuwakamata wawindaji. Ndiyo maana nasema kwa mkazo: tunaovalisha watu ndege leo tutumie wino na uzi. Ukilazimika kuwa na unyoya, wa kuku upo.

Ndege mvumaji mwenye koo jekundu watu wetu humfananisha na chozi, ingawa hawana undugu. Wavumaji wote ni wa mabara ya Amerika tu. Ana uzito wa gramu 3 hivi, mbawa zake hupiga zaidi ya mara 50 kwa sekunde, na wengi wao wakihama huvuka Ghuba ya Mexico, karibu kilomita 800 za maji, bila pa kutua. Koo jekundu ni la dume peke yake, na hung'aa tu likielekea mwanga. Akigeuka kidogo linaonekana jeusi. Basi lichape jeusi kwanza, kisha weka wekundu upande mmoja. Wino wa kumetameta uache, unamfanya aonekane mwanasesere. Mbawa zichape kwa wino uliopunguzwa nguvu ili zionekane kama kivuli, maana hakuna jicho linaloziona zikiwa zimetulia hewani.

Tai mwenye kichwa cheupe yuko kwenye nembo ya Marekani tangu 1782, lakini sheria ya kumtangaza rasmi kuwa ndege wa taifa ilitiwa saini Desemba 2024 tu. Aliyekulia Naivasha huchora furukombe bila kujua. Weupe wa furukombe hushuka hadi kifuani. Wa tai huyu unakoma shingoni, na mkia nao ni mweupe. Kinda lake ni la hudhurungi mwili mzima, huchukua kama miaka mitano hadi kichwa kiwe cheupe, kwa hiyo kiota chenye kinda la kichwa cheupe ni uongo. Na ile sauti kali inayowekwa kwenye filamu kila tai anapotokea, mara nyingi ni ya mwewe mwenye mkia mwekundu.

Usichukue picha ya mtu mtandaoni, na usiguse nembo za timu kama St. Louis Cardinals au Toronto Blue Jays hata kwa kuzigeuza kidogo. Zina wenyewe, na wana mawakili. Kama mkono wako bado mzito kuchora, kazi za John James Audubon, michoro 435 iliyochapishwa kati ya 1827 na 1838, hazina tena hakimiliki. Zitumie kujifunza mikao, halafu toka nje ukamtazame ndege mwenyewe.

Utafiti uliotolewa mwaka 2019 katika jarida la Science ulionyesha kwamba Marekani na Kanada zimepungukiwa na ndege karibu bilioni 3 tangu 1970. Kwa hiyo nakuomba jambo moja: fulana yako ya kwanza iwe ya ndege anayefika dirishani kwako, na ndani ya kola uchape jina lake, ili atakayeulizwa na mwanawe aweze kujibu.