Mwangwi Unaoonyesha Uvimbe wa Moyo
Wanachuo wenzangu, turudi kwenye fizikia ya sekondari. Ukipaza sauti ndani ya kreta ya Mlima Meru, ukuta wa mwamba unakurudishia mwangwi. Kipimo cha eko kinafanya hivyo hivyo: kinapeleka mawimbi ya sauti tusiyoyasikia hadi kwenye moyo, na mwangwi wake unageuzwa picha.

Sasa, kuna uvimbe unaoitwa miksoma. Ni nadra, na si saratani. Mara nyingi unaota kwenye chumba cha juu cha kushoto cha moyo, unaning'inia kwa kikonyo na kuziba valvu. Mgonjwa anahema, pengine anazimia. Kipande kikimeguka kikafika kwenye ubongo, anapata kiharusi.

Shida ni kwamba daktari akisikiliza kifua tu, anaweza kudhani ni valvu iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi, tatizo la kawaida kwetu. Eko inatofautisha: uvimbe unaonekana ukicheza kila moyo unapodunda. CT-Scan na MRI zinaongeza picha ya mishipa mikubwa.

Kutofautisha huko kunaokoa maisha, maana dawa haziondoi miksoma, inakatwa. Clarence Crafoord alifanikiwa kuikata Stockholm mwaka 1954. Hapa nchini, upasuaji wa moyo unafanyika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Basi, mwenzako akihema kila akipanda ngazi, usimwambie ni uvivu. Mwambie aende hospitali, aulizie eko.